Biti ya Kushushia

Muziki wa disko, ule unaotengenezwa kwa mashine, haukuingia kwetu Bunda kupitia baa wala vibanda vya video kama watu wanavyodhani. Kwenye kigango chetu uliingia kwa njia ya kubariki nyumba, na wa kulaumiwa ni mwalimu wa kwaya. Nilikuwepo, najua. Vidole vilivyobonyeza vilikuwa vyangu.

Tulikuwa tumeachiwa kinanda cha umeme na wageni wa padri. Wageni walishaondoka, kitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha ngeni, hata padri mwenyewe alikigeuza juu chini akakirudisha mezani, na kinanda kikabaki sakristia kimefunikwa kitambaa. Wanaume wa kwaya walikiogopa. Waliona wakikiharibu watasemwa mpaka kiama. Mwalimu akanichagua mimi, nikiwa kidato cha pili, kwa sababu mbili alizozitaja mbele ya watu wote: nina vidole virefu na sina sauti. Akanitoa kwenye safu ya soprano, ambako kumbe nilikuwa nawaharibia wenzangu mwaka mzima, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya vitufe.

Sasa kinanda kile kilikuwa na orodha ya midundo imeandikwa usoni pake, kila mmoja na namba yake. Unabonyeza namba, ngoma na besi zinapiga zenyewe, wewe unaweka wimbo juu. Majina yalikuwa ya Kiingereza. Mwalimu wa kwaya alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na hakuweza kuona orodha akaiacha bila kuipangia ratiba. Akachukua daftari la mistari, akaupa kila mdundo kazi yake kanisani. Ulioandikwa Country akauandikia: sikukuu za taifa. Garage: kubariki magari na pikipiki. House: kubariki nyumba. Kwenye Trance alikwama, akaiwekea alama ya kuuliza, na nikakatazwa kuigusa. Nilimwuliza kama ana hakika na hayo mengine. Aliniangalia juu ya miwani yake.

"Hivi huko sekondari mnafundishwaga nini? House ni nyumba."

Basi nyumba ya kwanza kubarikiwa kwa House ilikuwa ya mkulima mmoja wa pamba, bati bado linang'aa. Padri akaingia na maji ya baraka, kwaya nyuma yake, mimi nimewekwa ukumbini, jenereta inanguruma nje. Nikabonyeza. Du, du, du, du, ngoma moja moja, isiyokata kona, isiyochoka, na juu yake tukaweka wimbo wa Bikira Maria. Akina mama waliokuwa wanapita chumba hadi chumba wakaanza kukanyaga kwa pamoja bila kuambiwa. Padri alinyunyiza jikoni kwa mdundo, akanyunyiza chumbani kwa mdundo. Mwenye nyumba alisema hajawahi kuona baraka yenye nguvu namna ile, na mwezi huohuo watu wawili ambao nyumba zao zilishabarikiwa zamani wakaomba zirudiwe.

Mimi ule mdundo ulinishika mwili mzima. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mpaka siku hiyo sikuwa nimependa kitu chochote ambacho si cha kula.

Ukweli wa mambo niliujua kwa fundi simu wa pale stendi ya Bunda, aliyekuwa anajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nilimwona ana mafaili, moja limeandikwa House. Nikamwambia naomba hizo za kubariki nyumba. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Niliona aibu, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia Mwalimu zaidi, lakini kadi alinijazia, na nyumbani nilijifunika kanga kichwani na spika za masikioni nikasikiliza mpaka simu ikazima. Nikajifunza. House ni muziki wa kumbi, watu wanacheza mpaka jasho linadondoka. Techno ni ndugu yake mwenye roho kavu, hacheki na mtu. Trance, ile tuliyokatazwa, inapanda, inapanda, inapanda, mpaka wewe mwenyewe unaiomba ishuke. Baadaye singeli ikaja kutoka Dar es Salaam ikipita kwetu kwenye spika za bodaboda, mbio kiasi kwamba mama alidhani redio imeharibika. Baadaye tena amapiano, ya kujivuta, na ile besi yake inayogonga tumbo. Kila moja ilipofika niliijaribu kwenye kinanda cha kanisa, mchana, milango imefungwa, sauti chini.

Hapo ndipo nilipogundua kitufe cha mwendo. Kumbe House unaweza kuiongeza kasi mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Nikaipeleka mbio za singeli, nikaipunguzia ngoma, nikaiwekea mruko mmoja niliouchukua kwenye mashine ya kuchambua pamba iliyokuwa jirani na kwetu, ambayo kila baada ya mapigo saba ilikuwa inaruka moja. Pale inaporuka, nikaacha kimya. Kisha vyote vinarudi pamoja. Kinanda kilikuwa na nafasi za kuhifadhi midundo yako mwenyewe, kuanzia mia na moja. Nikaihifadhi hapo: mia na moja. Nilikuwa ninaipiga peke yangu, na nacheza peke yangu kati ya mabenchi, na namwomba Mungu asiniangalie sana.

Kwaya yetu ilipokwenda Mwanza kurekodi, mwenye studio alinisikia nikiichezea wakati wa mapumziko. Aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia kichwani. Akasema ana kompyuta na ana nafasi ya mtu wa kinanda, nije nijifunze kutengeneza muziki sawasawa. Mama hakupinga. Baba alishafariki nikiwa darasa la pili, tumekua na mama na kaka zangu wawili, na mama alikuwa mtu wa kusema neno moja tu. Alisema, "Nenda." Nikafunga begi. Ilibaki Pasaka ipite.

Kabla ya Pasaka tukaitwa Butiama kwenye mazishi ya mzee mmoja, baba wa mwanakwaya mwenzetu. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, vitukuu wamejaa uwanja mzima. Kwaya ilitakiwa kuimba wimbo wa pole wakati jeneza linashushwa, na mdundo wake ulikuwa namba mia kamili. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo kidogo cha kinanda, sioni kitu. Nikabonyeza kwa kubahatisha. Nilibonyeza mia na moja.

Sitaki kueleza sana sauti iliyotoka. Spika zilikuwa nne, za kukodi, za kusikika mpaka ng'ambo ya kilima. Padri alifunga kitabu. Kwaya walinigeukia wote, na Mwalimu alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kukaa. Mkono wangu uligoma. Nilikuwa naona kitufe cha kuzima, na mkono haukwenda. Wale wanaume wanne walioshika kamba hawakuwa na la kufanya, jeneza lilishaachia ukingo, wakalishusha hivyo hivyo. Mdundo ukafika pale kwenye mruko, ukanyamaza. Jeneza likagusa chini. Ngoma zote zikarudi kwa pamoja.

Na yule bibi mjane, ambaye asubuhi nzima alikuwa ameinama kwenye kiti, akainuka. Kwetu mzee aliyeona vitukuu haliliwi kama mtoto, anasindikizwa. Bibi akainua fimbo ya marehemu, akatingisha mabega. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakaingia, vitukuu wakaingia, vumbi likapanda mpaka kaburi halikuonekana. Walikuwa wanacheza na machozi yanawatoka. Padri alijifanya anatafuta ukurasa. Nikaponea hapo, na hapo hapo nikanasa.

Wiki iliyofuata walikuja watu kutoka upande mwingine wa Butiama wanaomba "ile ya kushushia". Mwalimu, ambaye njia nzima ya kurudi alikuwa amenisema mpaka akakaukiwa mate, sasa akaniambia kumbe Roho Mtakatifu ana njia zake. Nikapiga. Wakaja wa Musoma mjini. Wakaja wa Kibara, wavuvi, wamezama wawili siku moja. Watu wakaacha kusema "ya kushushia", wakasema shusha tu. Msiba ukitokea, swali la kwanza la kamati lilikuwa turubai, la pili chakula, la tatu nani atampata yule dada wa shusha.

Nilimpigia simu mwenye studio nikamwomba wiki mbili. Nikamwomba mwezi. Kila nikishika begi, mtu anakufa. Mwalimu alikuwa na methali yake, mcheza kwao hutunzwa, na alikuwa ananitupia kila nikitaja Mwanza, mpaka nikaichukia. Nilimjibu siku moja kwamba anayetunzwa anapewa nafasi ya kukaa chini, mimi sipewi. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu mzee huwezi kumshinda kwa methali. Mwisho mwenye studio akasema kwa upole kwamba amepata mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kaburi la mtu nisiyemjua, nasubiri padri amalize, nikasema asante.

Mtu atauliza kwa nini sikumfundisha mwingine. Nilimfundisha. Kuna fundi cherehani wa kwaya yetu, mtu mzima, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Alizijua namba zote kwa wiki moja. Lakini shusha si vidole. Shusha unapiga ukiangalia kamba. Wanaume wanapoanza kuachia, unapunguza. Wakikwama, unawasubiri, unazungusha palepale. Jeneza likikaribia chini, unaingia kwenye kimya. Likigusa, unaachia vyote. Ukikosea kidogo umeumiza mtu. Na fundi cherehani ukitazama pembeni sindano inakutoboa, kwa hiyo yeye alizoea kuangalia vidole. Nilimwachia mazishi ya Kibara nikiwa na malaria. Aliziachia ngoma jeneza likiwa bado linaning'inia. Wale wa kamba wakashtuka, kamba moja ikakimbia, jeneza likainama upande, mjane akaanguka chini. Kuanzia hapo watu walisema ama nije mimi ama wazike kimyakimya, na kuzika kimyakimya ilishakuwa aibu. Walijaribu hata kuweka kwenye flashi. Flashi haisubiri kamba.

Wakati huo huo muziki wenyewe ulishanikimbia. Watu walikuwa wanarekodi kwa simu makaburini, wanawapelekea wenzao. Vijana wa Musoma wenye kompyuta wakaikata, wakaiunga. Ikatoka shusha ya boda, ya mbio zaidi. Ikatoka shusha piano, ya kujivuta, ya kunywea bia. Ikatoka shusha ya kwaya, na hiyo wanaipiga watu wa madhehebu mengine wakisema ni yao. Wanabishana redioni ipi ni shusha halisi na ipi imechakachuliwa, nami nimekaa nachambua mchele nasikiliza. Nilikwenda kwenye harusi moja mjini, bibi harusi akaingizwa ukumbini kwa shusha piano, watu wanapunga leso, na mimi nikawa naona jeneza. Nikatoka nje kwa kisingizio cha choo nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimeshahamia Buhare, pembeni ya Musoma, nimepanga vyumba viwili, nafundisha chekechea asubuhi. Nilidhani nikiwa mbali na kigango watanisahau. Walijua njia ya Buhare kuliko mimi.

Hasira hizo ningeweza kuishi nazo. Kilichonitisha ni kitu kingine. Alifariki rafiki yangu wa tangu shule, wa safu ya alto, wa umri wangu, ameacha watoto wadogo. Yeye hakuwa mzee wa kuchezewa, lakini mume wake aliomba shusha ya taratibu, nikapiga. Niliangalia kamba. Zikaenda vizuri. Watu walilia, wakatulia, wakala, wakaondoka. Nilipofika Buhare nikakaa kitandani nikisubiri machozi yangu, na hayakuja. Yalikuwa yamepitwa. Kilio kina saa yake, na saa ile mimi huwa nina kazi. Nikaanza kuhesabu nyuma: mjomba wangu, jirani, mke wa kaka yangu. Wote niliwashusha, hakuna niliyemlilia. Mpaka leo wote hao ninawakumbuka kwa namna kamba zilivyokwenda.

Mama alikuwa ameshazeeka. Nikaogopa sana.

Nilikwenda kwake Jumamosi, nikamkuta amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Nikamwambia moja kwa moja, kwa sababu na mimi nimerithi kwake kutokuzunguka, kwamba siku yake ikifika, mimi sitapiga. Hakushtuka. Aliniuliza kama wameninunia huko kwaya. Nikamwambia hapana.

"Nataka nikulilie, mama. Kama watoto wengine."

Alibangua karanga kadhaa. Akasema wakati mama yake alipokufa yeye alilia mpaka wakamshika watu watatu, na mpaka leo anaona ilimsaidia. Kisha akaniangalia.

"Basi ulie," alisema. "Usipige."

Nilirudi Buhare siku hiyo nikiwa mwepesi. Ndiyo ahadi pekee niliyowahi kupewa na mtu ambayo ilikuwa ya kwangu peke yangu.

Alifariki mwaka jana, wakati wa kupalilia, baada ya kuumwa siku chache. Niliwapigia kaka zangu, nikampigia Mwalimu. Mwalimu siku hizi anatembea na fimbo, na daftari lake bado analo. Nilimwambia hakutakuwa na shusha. Akauliza, hata ya taratibu? Nikasema hata ya taratibu, hata ya flashi. Nimekaa kwenye kinanda tangu nina miaka kumi na sita na sijamwomba kitu. Akasema, "Sawa, binti yangu," na najua ilimgharimu. Kinanda kingekuja kwa nyimbo za ibada tu, na angepiga fundi cherehani.

Siku tatu nilikaa ndani na akina mama, kwenye mkeka, kanga mbili. Sikulia. Nilikuwa najitunza, ndivyo nilivyojiambia. Watu waliingia wakinipa pole na wakitoka nasikia wakinong'onezana nje, mbona yule wa shusha yuko ndani? Kaka yangu mkubwa alikuja mara mbili kuniuliza kama nimebadili mawazo. Akasema watu wameshaanza kuuliza kama kuna ugomvi nyumbani, maana hata yule mwizi wa ng'ombe wa kule bondeni alishushwa kwa muziki. Nikamwambia mama mwenyewe aliruhusu. Akainua mabega akaondoka. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Ibada ilikwenda vizuri. Fundi cherehani alipiga nyimbo za pole, macho kwenye vidole, hakukosea. Tukasogea kaburini. Nilisimama pale ambapo mtoto anasimama, mbele, mikono yangu haina kitu, upande mmoja wangu mama mdogo, yaani mdogo wake mama, amenishika kiwiko. Kwaya ilimaliza. Padri alimaliza. Wanaume wanne wakashika kamba. Fundi cherehani akatoa mikono kwenye vitufe akaiweka mapajani.

Kukawa kimya.

Miaka yote ile sikuwahi kusikia. Kamba ikisugua mbao inatoa sauti. Inalia, kwa kweli, ya chini, ya kukwaruza. Wale wanaume walikuwa wanahema. Mmoja akasema polepole, polepole, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Jeneza likagonga jiwe pembeni, na ndani ya jeneza kitu kikagonga pia, kidogo, na nikajua ni yeye. Udongo ukaanza kumwagika kutoka ukingoni ukidondokea juu ya mfuniko. Mamia ya watu wamesimama, hakuna anayelia. Walikuwa wanajitahidi kutosikia. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza bibi anakwenda wapi, akazibwa mdomo. Ndipo nikaelewa watu walikuwa wananiitia nini miaka yote. Na mimi nilidhani wanataka kucheza.

Lakini machozi yalikuwa yanakuja. Niliyasikia yanapanda kutoka kifuani, ya moto, yangu, ya miaka yote. Yamenifikia kooni. Nikafungua mdomo.

Mama mdogo akanivuta kiwiko. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ya chini, ya kuomba:

"Mwanangu, mbona unamwacha mama yako asikie udongo?"

Jeneza lilikuwa nusu. Nilimwona fundi cherehani amesikia, kwa sababu aliinua mikono akaisogeza kwenye vitufe, na macho yake yakaenda kwenye vidole. Yule wa kamba ya upande wa kulia alikuwa anachelewa. Mtu yeyote mwenye macho angeona anachelewa. Nikamwona mama anainama upande ndani ya jeneza.

Sikumbuki kuzunguka kaburi. Nakumbuka nilimsukuma fundi cherehani kwa nyonga akatoka kwenye kiti, na kwamba nilibonyeza nikiwa nimesimama. Mia na moja. Nikaanza chini sana, ngoma moja moja, kama ile ya kubariki nyumba. Wale wanaume wakaisikia, mabega yao yakashuka, mikono ikarudi kwenye mwendo. Yule wa kulia akawafikia wenzake. Nyuma yangu akina mama wakaanza, kwanza mmoja, kisha kama mvua inayofika, na mama mdogo akatoa ukelele ambao ulimtoka tumboni, wakamdaka watu. Kaka zangu walilia. Mwalimu alilia ameshika fimbo kwa mikono miwili. Walilia hata waliokuja kwa ajili ya chakula.

Ilibaki futi moja, na ilibidi niingie kwenye kimya. Machozi yangu yalikuwa yameshafika machoni, yamejaa, naona kamba mbilimbili. Nikapepesa macho kwa nguvu mpaka yakarudi, kwa sababu huwezi kupiga kama huoni kamba.